Vitenzi Vitiifu

Tulimzika dada yangu Zuhura wakati wa baridi, na siku ya hitma yake, nyumbani kwa mwanawe huko Ilford, nilikaa nikasikiliza uongo. Sisemi kwamba aliyeusema alikusudia kudanganya. Ni mtu mzima wa heshima, amezaliwa hapa hapa London baada ya mambo haya kupita, na alisimulia kama alivyosimuliwa: kwamba marehemu baba yetu, alipojua kuwa Waingereza wanataka kunitia katika shule ya watoto wenye upungufu wa akili, alimwendea mwalimu mkuu, akamnyamazisha kwa maneno makali, akanishika mkono na kunitoa. Watu wakatikisa vichwa, wakamrehemu baba. Vijana wakatafsiriana kwa Kiingereza. Mimi nikala sambusa yangu nikanyamaza, kwa sababu hitma si mahali pa kubishana. Lakini nilirudi kwangu Thornton Heath na hasira imenikaa kifuani, na mpaka leo haijatoka.

Katika chumba kile tulikuwa watu wanne: mwalimu mkuu, baba, Zuhura na mimi. Nimebaki peke yangu. Habari za kusikia sizipendi, na umri umenizidishia chuki hiyo, maana nimeshaona jinsi maneno yanavyopita mikononi mwa watu yakatoka upande wa pili yakiwa na mwenyewe mwingine. Kwa hiyo nitaandika niliyoyaona kwa macho yangu na kuyasikia kwa masikio yangu. Na pale ambapo sikuwepo, nitamtaja aliyeniambia.

Tulikuwa tumetoka Unguja baada ya Mapinduzi. Namna tulivyotoka siisimulii, kwa sababu nilikuwa mdogo, ndiyo kwanza nimeanza chuo cha Kurani, na ninachokikumbuka mwenyewe cha kutoka huko hakizidi mlango uliofungwa kwa komeo na mkono wa mama mdomoni mwangu. Ninachokikumbuka vizuri ni chumba tulichofikia. Kilikuwa ghorofa ya juu ya nyumba yenye wapangaji wengi, na kilinuka mafuta ya taa mchana kutwa, kwa kuwa jiko la kuotea moto lilikuwa la mafuta na madirisha hayakufunguliwa mpaka majira yabadilike. Nguo zetu zilinuka mafuta, mkate ulinuka mafuta, hata nywele za mama nilipolaza kichwa changu zilinuka hivyo hivyo. Ukuta wa upande wa kaskazini ulitoka jasho. Nilipitisha kidole juu yake nikaandika alifu na be, na herufi zikateremka taratibu mpaka sakafuni.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya serikali huko kwetu. London ilimpa kazi katika kiwanda cha mikate, na aliporudi mikono yake ilikuwa na harufu ya hamira ambayo sabuni haikuiweza. Hakulalamika mbele yetu. Alivua koti la kiwanda, akavaa kofia yake ya viua, akatandika blanketi sakafuni kwa sababu mkeka hatukuwa nao, akatuita mimi na dada yangu tukae mbele yake tukiwa tumekunja miguu. Hapo ndipo alipokuwa mwalimu tena. Nadhani saa ile ndiyo iliyomwezesha kuzistahimili nyingine zote za siku.

Alijua njia moja tu ya kutia elimu katika kichwa cha mtoto, nayo ni ile aliyotiwa yeye chuoni: mwalimu anatamka, mwanafunzi anaitika, mwili unakwenda mbele na nyuma pamoja na sauti, na hakuna anayekwenda mbele ya fungu alilopewa. Kiingereza alitufundisha hivyo hivyo. *I walk, I walked, I have walked, I shall walk.* Tukayumba. *I open, I opened, I have opened, I shall open.* Tukayumba tena. Aliyekosea alirudia tangu mwanzo, na rula ya mbao ililala juu ya goti la baba kama paka, ikiamka mara chache, lakini ikiamka.

Vitenzi vya Kiingereza alivigawa makundi mawili. Vile vya kawaida, ambavyo vyote hufuata kanuni moja na kupokea mkia ule ule vinapoingia wakati uliopita, aliviita vitenzi vitiifu. Vile vingine, ambavyo kila kimoja hugeuka kwa namna yake, aliviita vitenzi vilivyoasi. Alisema hatagusa vilivyoasi mpaka vitiifu vyote vimekaa sawasawa vifuani mwetu, kwa sababu mtoto anayeanza na uasi hajui tena kanuni ni nini. Aliyasema hayo kwa ukali ambao sasa ninaufahamu na wakati ule sikuufahamu. Yeye alikuwa ameshaona nchi ikigeuka kwa usiku mmoja. Huenda alitaka angalau pembe moja ya dunia ambamo neno la leo linajulikana kesho litakuwaje.

Zuhura alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka mingi na alikuwa ameshavijua vyote, vitiifu na vilivyoasi, kwa kuvisikia shuleni kwake na mitaani. Alikaa kwenye blanketi kwa heshima tu. Wakati mwingine baba akiwa amefumba macho, alinifinya ubavuni ili nicheke nipate rula. Alikuwa na kinywa chepesi. Mama alimwita *wakili*, na akisema hivyo alikuwa anamkemea.

Siku ya kuandikishwa shule baba alinipeleka mwenyewe, amevaa suti aliyotoka nayo Unguja, nyepesi kama karatasi katika upepo ule. Mwalimu mkuu alikuwa mwanamke mrefu mwenye miwani iliyoning'inia kwa mnyororo kifuani. Baba alinisukuma mbele yake na kunikabidhi kwake kama nilivyokabidhiwa kwa maalim wa chuo: kwamba tangu leo mtoto huyu ni wako, mfundishe, mtie adabu, mfanye utakavyo; mimi nimebakiza macho yake na mifupa yake tu. Aliyatafsiri maneno hayo neno kwa neno katika Kiingereza chake cha vitabuni. Mwanamke yule alitabasamu na kuangalia macho yangu, nadhani kuhakikisha kama yana ugonjwa. Baba alitoka ameridhika. Kwetu hakuna amana kubwa kuliko hiyo, na mwalimu aliyeambiwa hivyo hujiona amefungwa shingoni.

Nilikuwa mwanafunzi mwema. Naliandika hili bila kujisifu, kwa kuwa nilifanya kila nilichofundishwa. Nilikaa kimya. Sikumtazama mwalimu usoni. Nilipofikiri niliyumba, kwa sababu sikujua kwamba mtu anaweza kufikiri mwili ukiwa umesimama. Na nilipoulizwa jambo, nilijibu pale tu ambapo jibu lilikuwa ndani ya fungu langu. Niliweza kusema nimetembea, nimefungua, nimesaidia, nimeosha. Lakini kula, kunywa, kulala, kuja, kwenda, kuona, kusema, vyote hivyo katika Kiingereza vimo upande wa walioasi, na baba hajanipitisha huko. Nilivijua. Mtoto anayecheza uwanjani na watoto wenzake hawezi kukosa kuvijua. Lakini kuijua sura kwa kuisikia ni jambo moja, na kuisoma mbele ya mwalimu kabla hujapewa ni jambo jingine, ni utovu wa adabu ambao chuoni ulituletea bakora. Kwa hiyo mwalimu aliponiuliza nilikwenda wapi Jumamosi, niliinamisha kichwa na kunyamaza, na moyoni nilijiona nimefaulu mtihani.

Watoto wa darasa langu walianza kuyumba pamoja nami. Kwanza mmoja, kisha safu nzima ya nyuma, wakienda mbele na nyuma na kutoa sauti ya saa ya ukutani kwa ulimi, *tik, tok*. Niliwaonea fahari. Nilidhani hatimaye wameanza kusoma inavyopasa, na kwamba mimi, mgeni, ndiye niliyewaletea elimu hiyo. Nikazidi kuyumba ili wanifuate vizuri. Mwalimu akaniomba nitoke nje nikasimame karibu na kreti za maziwa, ambayo yaliwekwa jirani na bomba la joto na yalikuwa yameanza kuchacha. Nilisimama pale nikidhani nimepewa ulinzi wake.

Miezi kadhaa ilipita hivyo. Kisha akaja bibi mmoja mwenye koti la kijivu, akanichukua chumba cha peke yetu, akamwaga mezani vipande vya mbao vya rangi rangi. Sikuvigusa. Kuchezea vitu mbele ya mwalimu ni dharau. Nilivipanga upande mmoja ili asisumbuke. Akaniuliza nimekula nini asubuhi. Nikanyamaza. Akaniuliza nani amenileta, nalala na nani, nimeona nini njiani. Swali baada ya swali, na majibu yote yalikuwa ng'ambo ya mpaka niliowekewa. Niliona wazi kwamba ananijaribu, kama maalim wetu alivyokuwa akijaribu watoto wenye tamaa ya kuruka mafungu. Nikawa imara. Mwisho akanipa biskuti, nami nikamshukuru kwa kitenzi kitiifu, kwa sauti kubwa, nikiyumba. Akaandika kitu.

Wiki hiyo mwalimu mkuu alimwita baba. Sikuwepo, nasimulia kama baba alivyotusimulia jioni ile ile, akiwa bado amesimama na kofia ya kiwanda kichwani. Aliambiwa kwamba mimi ni mtoto wa namna yangu peke yangu. Kwamba ipo shule nyingine, ndogo, yenye watoto wachache, ambamo kila mtoto anaangaliwa na mwalimu kwa karibu. Kwamba litakuja basi dogo la kijani mpaka mlangoni kunichukua na kunirudisha, na sisi hatutatoa hata senti. Mwanamke yule hakutaja ujinga. Hakutaja upungufu. Aliyapaka maneno yake asali, akayafunika, akampa baba achukue. Na baba hakuuliza, kwa kuwa huulizi zaidi mtu anapokupa heshima.

Mnaosoma haya mkiwa mmekulia hapa msimcheke. Huko tulikotoka, katika darasa zima waliteuliwa wachache kuendelea mbele, na walioteuliwa ndio waliofuatwa nyumbani. Hakuna aliyewahi kusikia serikali inamteua mtoto mzito wa akili, inampa mwalimu wake na basi la kumfuata mlangoni. Baba alisikia kila neno aliloambiwa na akalifahamu. Alichokosa ni kujua kwamba wapo watu wanaokutupa kwa upole.

Mama akapika pilau. Viungo alivyokuwa akivitoa kwa ncha ya kidole tangu tulipokuja, siku hiyo alivitoa kwa kiganja, na kwa mara ya kwanza harufu ya mafuta ya taa ilishindwa katika chumba kile. Tuliwaalika wapangaji wa chini, Bibi Pearl kutoka Jamaika, ambaye alikuwa akimwekea mama mkate akichelewa dukani, na mwanawe Leroy, mvulana wa umri wangu aliyeweza kuchora farasi kwa mstari mmoja bila kuinua kalamu. Baba aliniketisha katikati na kunivisha kanzu. Kilikuwa, kwa hali yetu, kuhitimu kwangu.

Bibi Pearl alikula vijiko kadhaa, akamuuliza baba karamu ni ya nini. Alizoea kumwita Mista, bila jina.

“Mwanangu ameteuliwa,” akajibu baba. “Anapelekwa shule ndogo. Basi la kijani litakuwa linamfuata hapa.”

“Hilo hilo linalomchukua Leroy?”

“Hata Leroy?” Baba, ambaye kila siku alikuwa ameshakwenda kiwandani basi lifikapo, akamshika Leroy bega kwa furaha ya kweli. “Basi na wewe hongera, Bibi. Hukutuambia.”

Bibi Pearl akaweka sahani juu ya magoti yake. Alimtazama mama kwanza, kama anayetafuta ruhusa, kisha akamgeukia baba. “Hongera ya nini, Mista? Ile ni shule ya wajinga. Wanawakusanya huko wale wasiowataka.”

Baba hakukasirika. Alikuwa na desturi niliyoirithi, nayo ni kuuliza neno limetoka wapi. Alimuuliza kama ameyaona hayo kwa macho yake au ameambiwa na watu. Bibi Pearl akamwambia asimwamini yeye wala mtu mwingine, kesho asubuhi afuatane naye akaone.

Alichokiona baba huko alimwambia mama, na mama aliniambia mimi nilipokuwa mtu mzima. Alichungulia dirishani akaona wavulana walioanza kuota ndevu wamekaa kwenye viti vya watoto wakitunga shanga. Akamwona mmoja amelaza kichwa mezani na hakuna aliyemwamsha. Akauliza wanasoma nini, akaambiwa kwa tabasamu kwamba hapa hawabanwi. Kwa mtu aliyetumia maisha yake kuwabana watoto ili wawe watu, neno hilo lilitosha.

Aliporudi alikaa kitandani bila kuvua koti. Akaniita.

“Yule bibi mwenye vipande vya mbao alikuuliza nini?”

“Aliniuliza nimekula nini.”

“Ukamjibu nini?”

“Sikumjibu.”

“Hukufahamu?”

“Nilifahamu, Baba. Hujanipa kile kitenzi.”

Mama alisema *Ya Rabi* na kukaa chini. Zuhura alifunika mdomo kwa ukosi wa gauni lake. Nilingoja baba anisifu, kwa sababu nilikuwa nimelinda mpaka aliouweka mwenyewe, peke yangu, katikati ya watu wasiojua adabu. Hakunisifu. Alisema tu kwamba kesho nitapewa ruhusa ya kujibu, na kwamba Zuhura asiende shule yake, afuatane nasi kwa mwalimu mkuu, maana mwalimu mkuu alikuwa ameshalalamika kwamba Kiingereza cha baba hakimwingii vizuri.

Tuliwekwa tungoje kwenye benchi ya watoto wadogo, baba magoti yamemfika kifuani. Tulipoingia alieleza mambo yote kwa utaratibu: chuo ni nini, kuyumba ni nini, fungu ni nini, na kwamba kunyamaza kwangu kulikuwa ni utiifu. Alieleza vizuri. Mpaka leo sijamsikia mtu akiyaeleza vizuri zaidi. Mwalimu mkuu alisikiliza huku anafuta miwani yake, kisha akaniuliza swali lile lile, nimekula nini asubuhi. Nikamtazama baba. Baba akasema, “Sema.”

Nikasema. Nilikula mkate, nikanywa chai, nikavaa viatu, nikaja na baba na dada, tukaona mbwa amelala njiani, tukakaa, tukangoja. Vitenzi vyote vilivyoasi vilinitoka kwa mpigo, bila hata kimoja kukosea, na sikuyumba, kwa sababu baba alikuwa amenishika bega. Niliona uso wake. Alikuwa kama mtu aliyekwisha kushinda.

Mwalimu mkuu akavaa miwani. Akasema kwamba, kumbe, nilikuwa ninaweza muda wote huo. Basi si upungufu, ni ukaidi, na ukaidi pia una watu wake kule. Nafasi yangu ilikuwa imekwisha kutayarishwa. Baba alipofungua kinywa, alimkatiza, tena kwa upole ule ule wa asali. “Isitoshe, Bwana, ulipomleta uliniambia mwenyewe kwamba mtoto ni wangu, nimfanye nitakavyo. Nimekuwa nikikumbuka maneno yako.”

Baba akainamisha kichwa. Haya nimeyaona, sikuyasikia kwa mtu. Neno alilompa mwalimu lilikuwa limemgeukia, na yeye hakuwa mtu wa kulirudisha neno. Suti ilimlegea mabegani. Alikuwa anakwenda kukubali. Nilijua kwa mkono wake, ambao ulikuwa umeniachia bega.

Hapo Zuhura akasimama. Msichana, mbele ya baba yake, mbele ya mwalimu, bila kuulizwa. Alisema kwa Kiingereza cha mitaa ya London, pole pole.

“Alikupa umfundishe. Hukumfundisha. Sasa tunamchukua.”

Mwanamke yule hakumtazama hata kidogo. Alimuuliza baba kama msichana huyu anasema kwa niaba yake.

Na baba akajibu, “Hapana, Madam. Namwombea radhi.”

Ndivyo ilivyokuwa. Hayo ndiyo maneno makali ya baba yanayosimuliwa katika hitma za watu.

Mwalimu mkuu aliinuka, akafungua mlango, akasema kwamba familia isiyoweza kuwatawala watoto wake haiwezi kusaidiwa. Tumpeleke mvulana tunakotaka, yeye hana tena nafasi yake hapa, wala hatatia sahihi apelekwe ile shule ndogo. Alidhani anatuadhibu. Hiyo ndiyo iliyoniokoa: hasira ya mwanamke mmoja kwa msichana aliyemsemesha. Wiki iliyofuata nilipokelewa katika shule ya ng'ambo ya barabara kuu, ambako hakuna aliyejali ninakaaje ninapofikiri, na kutoka hapo sikurudi nyuma mpaka chuo kikuu.

Lakini hatukuondoka wakati ule. Tulipofika getini baba alisimama, akamwambia Zuhura arudi ndani akaombe radhi kwa kinywa chake. Alimwambia kwa sauti ya chini, kwa sababu watu walikuwa wanapita. Zuhura alimtazama, akanitazama mimi, akarudi. Kupitia kioo cha mlango nilimwona amesimama mbele ya yule mwanamke, mikono nyuma, anatikisa kichwa kukubali kila anachoambiwa. Alitoka macho makavu. Tukaondoka. Nilikuwa katikati yao na nilishikwa mikono pande zote mbili, na mkono mmoja ulikuwa wa moto na mwingine wa baridi.

Bibi Pearl alikuja jioni hiyo kuomba Zuhura akamsemee Leroy pia. Baba alikataa. Alisema binti yake hatasema tena mbele ya mtu mzima kwa ajili ya yeyote. Basi la kijani likaendelea kusimama mlangoni kila asubuhi, na Leroy akalipanda, na huko hakufundishwa kusoma. Huyu sikusimuliwa, niliishi naye nyumba moja mpaka tulipohama, na nilimsomea majina ya mitaa njiani alipokuwa mkubwa kuliko mimi kwa kimo.

Zuhura alikuwa na umri ambao sheria ilimruhusu kuacha shule, na mwalimu wake alikuwa ameshamwomba baba amwache aendelee afanye mitihani. Baba alikuwa amekubali. Sasa akabadili. Alisema msichana mwenye ulimi ule amekwisha kusoma kinachomtosha, na kwamba elimu ikizidi kwake itamletea balaa. Mama alijaribu kumsemea, kwa njia za mama, kwa chai na kwa kunyamaza, na hakufaulu. Kabla ya majira kugeuka Zuhura alikuwa anashona kola za mashati katika kiwanda kimoja upande wa Croydon, na kola ambazo hazikwisha alizileta nyumbani.

Nimemsamehe baba mambo mengi. Alikuwa ameporwa nchi, kazi na jina lake, na sisi tu ndio aliobakiwa nao wa kumtii. Ninaifahamu sababu. Lakini kufahamu sababu hakuniondolei hasira, na nimechoka na watu wanaodhani kwamba mtu mzee lazima hasira zake ziwe zimekwisha kulainika. Dada yangu alisema maneno ambayo mwanamume aliyekuwa chumbani hakuthubutu kuyasema, akaombeshwa radhi kwa ajili yake, akanyimwa shule kwa ajili yake, na siku ya kuombewa yeye sifa hizo akapewa mtu mwingine. Yeye mwenyewe hakuwahi kusahihisha. Mara moja tu nilimuuliza kwa nini anaiacha hadithi iende hivyo. Alisema baba alihitaji kuwa na siku moja London ambayo alishinda, na akanibadilishia mazungumzo.

Zimebaki habari za jioni moja. Baba alitandika blanketi kama kawaida, akakaa, rula gotini. Nafasi ya Zuhura ilikuwa tupu. Yeye alikuwa kwenye kiti karibu na jiko la mafuta, ameinamia kola zake, sindano inakwenda na kurudi. Baba akatangaza kwamba leo tunaanza vitenzi vilivyoasi. Nilikuwa nimeingoja siku hiyo tangu tulipofika nchi hii. Alitamka cha kwanza, *I speak, I spoke, I have spoken, I shall speak*, akaningoja niitike.

Sikuitika. Mara hii haikuwa adabu. Niliyatazama macho yake, jambo ambalo sikuwahi kulifanya maishani, na nikafunga mdomo. Akatamka tena. Nikanyamaza. Rula ikaamka, ikanipiga mkononi, na nikabaki nimemkazia macho, na nikaona kwamba anajua ni kwa nini. Akainua rula mara nyingine, lakini mkono ukabakia juu.

Zuhura hakuinua kichwa kutoka kwenye kola. Alikata uzi kwa meno.

“Soma,” akaniambia. “Nisije nikawa nimesema bure.”

Nikasoma.